Superman wa 2013 au wa 2025? Mimi na mpwa wangu tumeshindwana

Mwana wa Mikindani

Wakuu, habari za jioni. Nina kijiduka cha kuweka muvi kwenye flashi hapa Chikongola, Mtwara mjini. Ubavuni kwangu kuna fundi simu, mbele kuna mama anauza ming'oko na pilipili yake, kwa hiyo watu hawakosi. Mpwa wangu wa miaka 16 akitoka shule ndiye anayekaa kwenye kompyuta. Tatizo limeanza tulipopata Superman ya 2025. Mteja akiuliza ipi kali kati ya hii na ile ya 2013 (Man of Steel), mimi bado navuta pumzi nijibu, dogo keshamwekea ya 2013 na hela keshapokea.

Hoja zake nazileta kama zilivyo, nisije nikaambiwa namwonea mtoto. Anasema Superman wa Henry Cavill ukimwona tu unajua huyu ndiye stelingi: kile kifua, zile ndevu za mwanzo akiwa kibarua kwenye meli ya uvuvi, na ule ukimya wake. Huyu wa David Corenswet, muvi inaanza keshapigwa. Na ni kweli. Maandishi yanapita: karne tatu zilizopita kulitokea hivi, miongo mitatu iliyopita vile, inashuka miaka mitatu, wiki tatu, mpaka dakika tatu zilizopita Superman kashindwa pambano kwa mara ya kwanza. Halafu puu! Huyo kwenye barafu, hoi, anapiga mluzi kumwita mbwa aje amkokote. "Mjomba, stelingi anakokotwa na mbwa!" Hiyo ndiyo hoja yake kubwa. Ya pili ni ya kihasibu. Zote mbili zinatajwa kutengenezwa kwa kiasi cha dola milioni 225. Ya 2013 hela unaziona zikiporomoka pamoja na maghorofa, ya 2025, kwa maneno yake, hela zimeliwa na mbwa.

Mimi hoja yangu ni moja, na inaanzia kwa mtu asiyejua lolote kuhusu muvi: mjomba wangu mimi. Watu wa huku mnajua, mjomba kwetu si mtu wa kuja sikukuu akaondoka. Mama alipoolewa tena Newala nilibaki Mikindani kwa kaka yake, mvuvi. Kanilea yeye, kanisomesha yeye, na kofi lake nalijua.

Ile ya 2013 ilinifikia miezi kadhaa baada ya vurugu za bomba la gesi za mwezi Mei. Nilikuwa nimenunua deki ya DVD, nikamkalisha mjomba sebuleni, mimi mtafsiri. Alitulia vizuri sana. Sayari ya Krypton kulipuka alikubali bila swali. Mtoto mchanga kutiwa kwenye chombo akarushwa angani, alikubali. Akaokotwa na mkulima wa Kansas na mkewe wakamlea kama wao, hapo alitikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu ukaja ule upepo. Mnaukumbuka? Magari yamesimama barabarani, kimbunga kinakuja, watu wanakimbilia chini ya daraja, na Mzee Jonathan Kent, yaani Kevin Costner, anarudi garini kumtoa mbwa. Mguu unaumia, hawezi tena kukimbia. Clark, ndiye Superman huyo kwa jina la nyumbani, amesimama pale anamwona. Kwa nguvu alizonazo, ungepepesa jicho ukakuta keshamleta. Mzee anainua kiganja: usije, watakujua. Na kijana anatii. Upepo unamzoa mzee.

Mjomba akaniuliza, "Hakumfuata?" Nikamwambia mzee mwenyewe ndiye aliyemkataza. Akachukua kofia yake, akavaa kandambili. "Mtoto gani huyo. Mimi naenda kuangalia ngalawa." Hakurudi. Jiji kupondwapondwa, Superman kumvunja shingo Zod, adui yake, vyote nilivitazama peke yangu.

Tangu siku ile kila Superman nampima kwa jambo hilo: ana nini na mzee aliyemlea. Kwa kipimo hicho ya 2025 inaiacha mbali ya 2013. Dogo anasema hicho si kipimo cha muvi ya mapigano, ni kipimo cha kikao cha ukoo. Haya, amueni.

Kangomba Mstaafu

2013. Zod alivyokuwa anapigwa mpaka mimi niligusa mbavu zangu. Dogo akabidhiwe duka.

Mwalimu wa Masasi

Kaka, mzee umemtaja, mbwa umemtaja, hela umezitaja, Lois, mpenzi wa Superman, hujamgusa hata kwa bahati mbaya. Wanaume bwana.

Ya 2013 ilimpata Amy Adams, mwigizaji hasa, na ikampa mwanzo mzuri: yeye ndiye anayefuatilia nyayo za Clark mtu kwa mtu mpaka anafika nyumbani kwao. Mwandishi wa habari kweli. Halafu nusu ya pili kazi yake inakuwa kudondoka kutoka angani ili adakwe. Nilikasirika mno.

Ya 2025, Lois wa Rachel Brosnahan anajua tangu mwanzo mpenzi wake ni nani. Clark anajidai: basi nihoji kama Superman. Dada anawasha kinasa sauti. Nani alikutuma uingilie vita ya Boravia na Jarhanpur, zile nchi za kubuni za muvini? Ulimshauri nani? Yule rais ulimtisha au hukumtisha? Jamaa anatokwa na jasho, anaishia kupaza sauti kwamba watu walikuwa wanaenda kuuawa. Hakuna ngumi hata moja pale, wamekaa tu ndani, na kwangu ndilo pambano bora la muvi nzima. Niliwawekea wanafunzi wangu wa klabu ya mdahalo kipande hicho. Nusu ya darasa walisema Lois ana haki, nusu wakasema mwanamke huyo hana adabu. Tukakosa muda wa mada tuliyopanga.

Kasoro ya 2025 ni msongamano. Mara yule mwenye pete ya kijani, mara dada mwenye mabawa, mara anayegeuza mwili kuwa madini, unajihisi kituo cha mabasi Alhamisi ya kuamkia sikukuu. Aliyenivutia kati yao ni Mr. Terrific, yule wa vile vitufe vinavyoruka. Nilipowaambia wanafunzi kwamba mwigizaji wake, Edi Gathegi, kazaliwa Nairobi walipiga makofi kama ni mjomba wao. Na anaigiza kwa uso mkavu kabisa, wala hahangaiki kutafuta kuchekesha.

Mzee wa Kitunda

Mnabishana juu ya wajukuu, babu yao hamkumwita.

Mimi Superman nilimwona Lindi mjini miaka ya themanini, televisheni huku bara bado haijaanza. Banda la makuti, deki, jenereta nje linaunguruma kuliko maneno ya muvi, kanda imechakaa mpaka juu na chini ya kioo kuna michirizi. Ile ya 1978, Christopher Reeve. Yeye kuruka alikuwa anatundikwa kwa waya, hakuna hizi kompyuta zenu, na tuliamini. Siri yake haikuwa waya. Ilikuwa ni namna anavyokuwa watu wawili kwa mwili mmoja. Kuna mahali yuko nyumbani kwa Lois, kajikunyata, bega limeanguka. Lois akiingia chumbani, jamaa anavua miwani, ananyooka, anakuwa mrefu mbele ya macho yako, sauti inakuwa nzito. Anataka kumwambia. Mara anaghairi, anarudisha miwani, anasinyaa tena. Bandani tulisema "aaah!" kwa pamoja. Cavill kifua anacho, lakini kusinyaa hawezi. Huyu kijana mpya anajitahidi.

Sasa nije kwenye kipimo chako, kijana wangu, maana nimekipenda. Katika ile ya zamani mzee Kent hafi kwa upepo. Anafa kwa moyo, palepale shambani kwake, wametoka kuongea vizuri yeye na mwanawe. Halafu kijana makaburini anasema nguvu zote hizi, na sikuweza kumwokoa. Hapo hakuna wa kulaumiwa. Wale wa 2013 walichukua kifo hicho wakakigeuza: kutoka asingeweza, wakafanya angeweza lakini akakatazwa. Mjomba wako hakukosea kuvaa kandambili.

Ila nami nina langu na hiyo ya zamani. Lois anakufa, jamaa anaizunguka dunia mpaka inarudi nyuma na mwanamke anafufuka. Nilikataa siku ile na nakataa leo. Dunia si feni.

Reeve mwenyewe alianguka farasi 1995 akapooza, akafariki 2004. Mwanawe, Will, ni mwandishi wa habari wa televisheni kweli, na hii ya 2025 wamempa sekunde chache kama mwandishi. Mjukuu wangu ndiye aliyesimamisha picha akanionyesha. Na ule muziki wa John Williams, walioutupa 2013, wameurudisha kwa gitaa. Nilipousikia nilinusa mafuta ya jenereta.

Mwana wa Mikindani

Shikamoo mzee wangu. Hiyo ya dunia na feni nimemsomea dogo, kacheka mpaka mteja kaondoka.

Dada wa Masasi, nimekosa kwa Lois, nasalimu amri. Msongamano nao ni kweli. Na kuna mahali mpwa wangu kanishika pabaya, acha nikiri: yule adui aliyefunikwa uso anayempiga Superman, alipofunuliwa sikushtuka hata kidogo, na pambano lao la mwisho sikumbuki lilikwishaje. La Zod nalikumbuka mpaka vumbi. Nicholas Hoult ndiye anayeiokoa sehemu ile, Lex wake, yule adui mkuu wa Superman, ana kijicho cha mtu anayehesabu hela za jirani.

Lakini kuhusu maghorofa simwachii. Nilimwambia: mwaka ule wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni, hukunusa moshi. Sisi kwenye zile vurugu za gesi moshi wa mabomu ya machozi uliingia mpaka jikoni, mama jirani anawafunika watoto kanga yenye maji. Mtu aliyetoka huko ukimwonyesha jiji zima linasagwa, dakika baada ya dakika, anatafuta watu. Humo ndani wako wapi? Wameanguka maelfu pale Metropolis na mimi simkumbuki aliyekufa hata mmoja kwa jina. Ya 2025 nayo jiji linapasuka katikati, lakini watu wanahamishwa kwanza, na Superman anahangaika mpaka na kicheche cha mtini, sijui tukiite kindi, anakichukua anakiweka salama. Halafu kuna yule Malik, muuza chakula cha barabarani. Mwanzoni anamwinua Superman kutoka shimoni. Baadaye Lex anamkamata, anamwekea bastola kichwani mbele ya Superman, anauliza maswali, na risasi inatoka. Mtu mmoja, mwenye jina na kibanda chake cha chakula. Hapo hata dogo aliacha kutafuna.

Na ule ujumbe wa wazazi wa Krypton. Miaka yote Superman anausikiliza nusu, ule upande wa kuwatumikia watu, maana nusu nyingine imeharibika. Lex anaipata nusu ya pili: katawale huko, oa wanawake wengi uzae. Dunia nzima inamgeuka, na yeye mwenyewe anabaki hajui ni nani. Anaishia wapi? Kwa waliomlea, shambani, anaumwa, kalazwa kwenye kitanda chake cha utotoni. Mimi sikuwa na haja ya kutafsiriwa hapo.

Ijumaa nilibeba laptopu mpaka Mikindani. Mjomba siku hizi baharini haendi, anashona nyavu za wenzake barazani. Nikamwambia nimekuletea Superman. Akasema yule mtoto wa upepo hamtaki. Nikaiweka hivyohivyo juu ya ndoo, yeye anashona, mimi natafsiri, haangalii. Mbwa alipotokea aliinua jicho mara moja.

Tukafika pale wawili wamekaa nje ya nyumba, baba na mwana. Mzee Kent wa safari hii ni Pruitt Taylor Vince, mnene, nywele zimemtoka, anaongea taratibu kama anayeogopa kulia: si kazi ya wazazi kuwaambia watoto wawe nani, wewe ni yale unayochagua kuyafanya. Sindano ya mjomba ikasimama.

"Huyu nani?"

"Ndiye mzee aliyemlea."

"Si aliondoka na upepo?"

Nikaanza kumweleza kwamba hii ni muvi nyingine, wameianza hadithi upya, waigizaji wengine, ni kama hadithi za Sungura, kila bibi anayo ya kwake. Sidhani kama alinisikia.

"Kumbe alipona," akasema. Akaweka wavu chini. "Na yule mbwa ndiye huyuhuyu?"

Nikamwambia ndiyo, ndiye huyuhuyu.

Akavua kofia, akavuta mkeka karibu na ndoo.