Tupeane uzoefu: siku zilizotengwa kwa ajili ya chakula na kinywaji, wewe ulizionaje?

Mwanzisha mada (Morogoro)

Ndugu wanajamvi, habari za jioni. Jana nilikuwa nikimsaidia binti yangu wa darasa la sita kazi ya shule kuhusu Siku ya Chakula Duniani, ambayo huadhimishwa kila tarehe 16 Oktoba kwa kuwa ndiyo tarehe ambayo Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilianzishwa katika mji wa Quebec, Kanada, mwaka 1945. Nchi wanachama ziliamua kuitenga siku hiyo mwaka 1979, na maadhimisho yakaanza mwaka 1981. Binti alipomaliza kuandika akaniuliza, "Baba, siku hiyo watu hula nini?" Nikakosa jibu. Idi najua pilau, mwezi wa Ramadhani najua futari, lakini tarehe 16 Oktoba sijawahi kuona chungu kikiinjikwa kwa ajili yake.

Nilipoendelea kutafuta nikakuta siku za namna hiyo zimejaa tele: chai tarehe 21 Mei, maziwa tarehe 1 Juni, chakula kinachopotea na kutupwa tarehe 29 Septemba, kahawa tarehe 1 Oktoba. Wamarekani nao wameiweka siku ya likeri, yaani zile pombe tamu zinazonywewa baada ya mlo, tarehe ileile 16 Oktoba ambayo dunia inazungumzia njaa. Naomba mwenye kisa chake mwenyewe kuhusu siku yoyote ya aina hii atusimulie. Habari za kusikia kwa jirani tuziache kando.

Mpishi wa Baridini (Minneapolis)

Ndugu yangu, hilo la likeri na njaa kukutana siku moja mimi nimelishuhudia nikiwa nimevaa aproni. Nilikuwa msaidizi wa jikoni katika hoteli moja ya hapa, na mpishi mkuu alikuwa amebandika kwenye mlango wa friji kalenda ya siku zote za vyakula, kwa sababu kila siku ya namna hiyo kwake ilikuwa nafasi ya kuuza sahani moja zaidi. Tarehe 16 Oktoba tuliandaa aiskrimu iliyomwagiwa sosi ya Kahlúa, ile likeri ya kahawa ya Mexico, na mimi ndiye niliyekabidhiwa sufuria. Ni Muislamu na kilevi sikionji, kwa hiyo nilipima kwa kikombe na kutegemea pua yangu, huku mwenzangu Mmexico akichovya kijiko na kuniambia kama sukari imezidi. Kama ilikuwa vyema kwangu kuisimamia sufuria ile ni swali ninalojiuliza hadi leo, na sitapenda tulijadili hapa.

Siku hiyohiyo kwenye mlango wa wafanyakazi kulikuwa na boksi la kukusanyia vyakula vya makopo vya kupelekwa benki ya chakula, ambayo ni ghala linalogawa chakula bure kwa wasiojiweza. Yule mwenzangu aliweka makopo mawili ya maharage. Wiki mbili baadaye aliniomba nimpeleke kwa gari langu mahali fulani baada ya zamu, na tulipofika nikaona foleni na bango la benki ileile. Alirudi na mfuko wa mchele, karoti na makopo, akaniambia kwamba kodi ya nyumba ilipanda mwezi ule. Tulikuwa tukipokea mshahara sawa.

Mzee wa Manyoni

Wanangu, msidhani mambo haya yalianza na kalenda za mtandaoni. Mwaka 1975 kulikuwa na kampeni ya redio iliyoitwa Chakula ni Uhai, iliyokuja baada ya ile ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na sisi tulioponea chupuchupu katika ukame wa mwaka 1974 tuliisikiliza kwa masikio yote mawili. Unga wa mahindi ya njano kutoka nje ulikuwa bado haujatutoka mdomoni, na kilimo kilikuwa kikiitwa cha kufa na kupona.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, na kwa kuwa nilijua kusoma vizuri nilipewa kazi ya kusoma kijitabu cha kampeni mbele ya kikundi chetu chini ya mwembe. Redio ilikuwa moja na betri zilikuwa za shida, hivyo mwenyekiti aliiwasha dakika ile ya kipindi na kuizima mara tu kinapokwisha, hata kama muziki unaofuata ni mtamu. Siku moja nilisoma kwamba mama mjamzito ale mayai. Wazee waliguna, kwa maana kwetu mjamzito alikatazwa mayai, ikisemwa kwamba mtoto angezaliwa hana nywele. Mama yangu, ambaye wakati huo alikuwa na mimba ya mdogo wetu wa mwisho, alisimama mbele ya watu wote akauliza, "Na haya mayai aliyekuwa akiyala siku zote ni nani?" Wanaume wakatazama chini. Kuanzia jioni ile alikaanga yai lake mwenyewe waziwazi, na mdogo wetu alizaliwa na nywele za kutosha.

Mtoto wa Makunduchi

Shikamoo Mzee wa Manyoni. Kwetu siku ya chakula ni Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya, mwezi Julai. Wageni hupiga picha za wanaume wa kusini na wa kaskazini wakicharazana kwa magomba, kisha kile kibanda cha makuti kikiteketezwa, halafu wengi hupanda gari na kurudi mjini bila kujua kwamba kwa mwenyeji jambo zito ndiyo kwanza linaanza. Nyumba isiyopata mgeni wa kula siku ile hujiona imeingia mwaka kwa mguu mbaya. Mwaka mmoja marehemu bibi alinituma barabarani nikamtafute mtu, yeyote yule. Nikamrudishia dereva wa daladala aliyepasukiwa na tairi, akala wali wa nazi na pweza mpaka abiria wakaja kumfuata.

Mama Mahindi (Kongwa)

Mimi nitasimulia tarehe 16 Oktoba yenyewe, tena kwa uchungu kidogo. Mwaka mmoja taasisi fulani, ambayo sitaitaja, ilikuja kuadhimisha siku hiyo kijijini kwetu. Wanawake wa kikundi chetu tuliambiwa tupange mazao kwenye meza, tukapanga. Hotuba zilianza saa nne na kumalizika saa nane, na baada ya hapo wageni wakaingia kwenye turubai wakala pilau na kuku, huku sisi tuliolima tukigawiwa soda moja moja. Siku ya chakula, jamani.

Nilikuwa nimenuna kwa sababu nyingine pia. Msimu ule nilivuna magunia ishirini, na dumuzi, ambaye wengine humwita Skania kwa jinsi anavyobomoa, alikuwa amekwisha kuniharibia karibu nusu. Aliyewahi kulala chumba kimoja na mahindi yenye dumuzi anaijua ile sauti ya usiku, kama manyunyu juu ya makuti. Asubuhi unakuta sakafuni unga mweupe ambao hukuusaga wewe.

Bwana shamba mmoja kijana, ambaye naye hakuitwa kwenye turubai, alinikuta nyuma ya banda nimeketi na chupa yangu tupu. Akaniomba niisuuze na kuianika juani hadi ikauke kabisa. Kisha alitia mahindi yangu mpaka theluthi ya chupa, akaongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, akafunga mdomo wa chupa kwa kiganja na kuitikisa. Tulisubiri kama robo saa. Chumvi iliganda ukutani mwa chupa, na akaniambia kwamba mahindi yale bado yana maji na hayafai kuhifadhiwa. Chumvi ingeteremka yote chini, hapo ndipo ningeweza kuyatia mfukoni. Ndiye aliyenieleza pia ile mifuko ya tabaka tatu, wanayoiita kinga njaa, kwamba ukiifunga barabara mdudu aliyemo huimaliza hewa iliyomo akafa bila dawa. Nilianika siku nne zaidi, nikanunua mifuko mitano kwa fedha za kuuzia mbuzi, na mwezi Machi, wakati debe la mahindi limepanda bei, nikafungua mfuko wa kwanza. Punje zilikuwa nzima. Chupa ile ninayo mpaka leo, kwa kuwa niligoma kuirudisha kwenye kreti, na wanakikundi huja kuiazima kila mwezi wa sita.

Mwalimu wa Zamu (Njombe)

Kwetu ilikuwa Wiki ya Maziwa, inayofikia kilele tarehe 1 Juni. Watoto waligawiwa pakiti za maziwa, wakapigwa picha, na Jumatatu iliyofuata wakaniuliza kama yataletwa tena. Hayakuletwa. Kilichofuata ni kikao cha wazazi kuhusu uji wa saa nne, na nawahakikishia kwamba unga haukuleta mabishano hata kidogo. Tulibishana saa mbili nzima juu ya nani atachota maji.

Mwanzisha mada (Morogoro)

Nashukuruni sana. Binti nimemsomea visa vyote isipokuwa kile cha likeri, na sasa chupa ya soda imejaa mahindi juu ya meza yetu. Mama Mahindi, shikamoo. Anauliza kama chumvi iwe ya mawe au ya unga.

Mama Mahindi (Kongwa)

Marahaba. Ya unga, mwanangu, na uianike kwanza nayo, maana chumvi ya jikoni hunyonya maji na itakudanganya.