The Exorcist (1973): hivi ni mimi tu, au lile pepo halina hoja?

Mjukuu_wa_Kiti

Wakuu, naomba msinipige mawe.

Tangu niko kidato cha pili nasikia sifa za hii muvi. Watu walizimia ukumbini, wengine walitapika, na kwenye Oscar ilitajwa mara 10 ikaondoka na tuzo 2. Kaka yangu amenishikia bango miaka na miaka: "Hujaangalia The Exorcist, basi hujawahi kuogopa." Ijumaa sikuwa na zamu. Nikafunga mlango, nikazima taa, nikaweka na mto wa kujifichia uso. Ule mto nikaishia kuulalia, nikala karanga zangu zikaisha.

Labda tatizo ni nilikotoka. Mimi mtu wa Pongwe, Tanga. Bibi yangu mzaa mama, Mungu amrehemu, alikuwa kiti. Anayejua anajua. Jini likimpanda sauti inageuka ya kiume, anakohoa kama mvuta kiko, halafu linashuka na Kiarabu cha kuvunjikavunjika ambacho bibi mwenyewe akiwa mzima hakijui. Sisi wajukuu tumekaa mkekani tunasubiri wali. Kwa hiyo Regan, yule mtoto wa kwenye muvi aliyeingiwa na pepo, anapoanza kunguruma (kumbe ile sauti ni ya mama mmoja mwigizaji, Mercedes McCambridge), mimi sikushtuka. Nilikumbuka nyumbani.

Ila kwetu jini likipanda linaulizwa kwanza: wewe nani, umetoka wapi, unataka nini? Linajibu. Linataka kanga nyekundu, linataka marashi, linataka mbuzi asiye na doa, na bei mnavutana kama mko sokoni. Kuna mwaka la bibi lilitaka pete ya fedha. Mjomba akaliambia hela hakuna, lisubiri machungwa yavunwe Muheza. Likakubali! Likakaa miezi mitatu halijasumbua mtu.

Sasa hili la kwenye muvi limetoka Iraki mpaka Washington, limemwingia mtoto wa miaka 12, na halitaki chochote. Mapadri wanalisomea, linatukana, linatapika (supu ya njegere ile, nimesoma), wanalisomea tena, linatukana tena. Hakuna hata mmoja anayekaa nalo chini kuliuliza shida yake nini. Yule mdogo, Karras, kidogo anajaribu kulihoji, halafu akija padri mzee, Merrin, anamwambia lisisikilizwe. Muvi ikaisha nikabaki naangalia majina yanapanda.

Kilichonitoa jasho ni kimoja tu, na hakina pepo ndani yake. Ni pale hospitali. Kazi yangu ni eksirei, miaka 9 sasa. Mwaka 1973 CT, ile mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kipande kwa kipande, ndiyo kwanza ilikuwa inatambaa. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha nayo London Oktoba 1971. Kwa hiyo kujua kama ubongo una uvimbe walikuwa wanachoma mshipa wa shingoni, wanasukuma dawa, mashine inapiga picha mfululizo. Mtoto amefungwa, damu inaruka, mashine inagonga kama mtu anavunja mlango. Nilisimamisha nikaenda kunywa maji. Halafu daktari anatoka na jibu lile ambalo na sisi tunatoa kila siku: picha ziko safi. Ule uso wa mama yake nimeuona koridoni mara nyingi mno. Mtu hafurahi kuambiwa picha ziko safi kama mtoto bado anaumwa.

Swali langu: kuna kitu nimekikosa, au tunaisifia kwa mazoea?

Kobe_Haraki

Uliangalia kwenye simu wewe. Sema ukweli.

Mjukuu_wa_Kiti

TV inchi 43, mkuu. Na spika za jirani ninazodaiwa kurudisha.

SautiYaNyuma

Dada, kabla sijakujibu: iliandika dakika ngapi? Ziko mbili. Ya 1973 ni kama dakika 122. Mwaka 2000 ilirudi sinema ikiwa na kama 132, na humo kuna vipande ambavyo mwongozaji, William Friedkin, alivikata mwanzoni. Watu wengi wanakimbilia kile cha Regan kushuka ngazi kinyumenyume kama buibui. Mimi naona hicho ni kitoweo tu. Kipande chenyewe ni cha mapadri wawili wamekaa kwenye ngazi wamechoka. Karras anauliza swali lako hasa: kwa nini mtoto huyu? Merrin anamjibu kwamba anadhani lengo ni wao kukata tamaa, wajione wanyama, wasiopendeka. William Peter Blatty, aliyeandika riwaya na skripti na ndiye aliyezalisha filamu, aliyaona mazungumzo yale ndiyo moyo wa hadithi. Friedkin aliyakata. Kwa hiyo kama umeangalia ya 122, malalamiko yako anayo na mwandishi mwenyewe.

Na hiyo ya hospitali hujaiogopa bure. Mmoja wa wale wahudumu hakuwa mwigizaji, alikuwa mtu wa eksirei kweli, New York. Mwaka 1979 alitiwa hatiani kwa kumuua mwandishi wa habari. Ukijua hilo huwezi tena kumwangalia anavyomtuliza yule mtoto.

Mjukuu_wa_Kiti

Ya 122. Na hilo la mwisho ungekaa nalo tu.

mwana_wa_Mvita

Dadangu, wanifurahisha. Lakini umelidhulumu jini la watu. Kile kichwa kidogo anachokifukua Merrin kule Iraki ni cha Pazuzu, na hao watu wa kale wa Iraki walikuwa wakivaa vichwa kama vile kuwa hirizi. Pazuzu ni mbaya, ndiyo, ni wa pepo za maradhi, lakini humfukuza Lamashtu, na huyo ndiye adui wa wajawazito na watoto wachanga. Yaani mama wa enzi hizo angeweza kumvisha Regan kile kichwa ili apone. Wazungu wakakitia ndani ya mtoto. Mimi tangu nijue hayo, siwezi kuitazama bila kuona kuwa wamemkamata shahidi wakamwacha mwizi.

Mkesha_wa_Ijumaa

Mimi niko upande wa kaka yako. Niliiona Mwanza, darasa la nne, banda la video, shilingi mia. Nilikojoa kwenye benchi na sioni aibu kusema.

Wewe kwenu jini linapatana. Kwetu sisi kanisani mapepo yalikuwa yanatolewa kila mkesha, na nataka uelewe: YALIKUWA YANATOKA. Yanapiga kelele, yanaangusha akina mama, lakini ikifika alfajiri yametoka, tunaimba, tunakunywa chai. Sikuwahi kuona pepo limegoma mpaka mwisho. Sasa nimekaa kwenye lile benchi, padri mzee aliyesubiriwa muvi nzima ameingia, nasema haya, sasa limeisha hilo. Halafu anakutwa amekufa kando ya kitanda. Na wa pili anapona nini? Anaita liingie kwake, anajirusha dirishani na zile ngazi zote anazimaliza kwa mgongo. (Samahani kwa ambaye hajaangalia, lakini miaka 50 inatosha.) Niliporudi nyumbani nilimuuliza baba kama mchungaji wetu anaweza kushindwa. Nilichapwa.

Kobe_Haraki

Ulichapwa kwa swali au kwa benchi?

Mkesha_wa_Ijumaa

Vyote.

Mjukuu_wa_Kiti

Nimerudi. Jumapili nimeangalia ya 132, safari hii na kaka kando yangu, ananitazama mimi badala ya TV.

Ile ya buibui nimecheka, anisamehe. Ila mazungumzo ya ngazini yamenikamata. Kumbe lilikuwa linataka kitu, ila si kitu unachoweza kununua ukaleta. Hapo mjomba wangu asingekuwa na la kusema, machungwa au bila machungwa. Bado naona wamelificha mno, na bado nusu saa ya matusi ingeweza kuwa dakika kumi. @Mkesha, hoja yako ndiyo imenishinda kuijibu. Kwetu pia halikuwahi kugoma, au lilipogoma sisi watoto tulikuwa tumeshapelekwa kulala.

Sehemu ya hospitali nimeiruka.

mwana_wa_Mvita

Na ile pete ya fedha, ilinunuliwa?

Mjukuu_wa_Kiti

Ilinunuliwa. Machungwa yalilipa mwaka ule. Anayo mama mdogo, Korogwe, anaivaa kwenye harusi tu.