Makocha wa watoto hapa Dodoma, mtu kati (lile zoezi la kupigiana pasi huku walio katikati wanautafuta mpira) sio mchezo wa kupotezea muda! Tunalipa ada watoto wakimbizwe tu?

Mbukwenyi wakuu. Leo nimekuja na hasira na sitaificha. Akademi siitaji jina kwa sababu shida yenyewe sio ya akademi moja, wazazi wenye watoto wanaocheza mpira hapa mjini, Nkuhungu, Kizota, Area C mpaka huko Ipagala, mtanielewa. Pita kiwanja chochote jioni utakuta mambo ni yaleyale.

Mwanangu yupo timu ya chini ya miaka 13. Ada tunatoa kila mwezi, jezi tumenunua, viatu tumenunua, hela ya bodaboda juu. Sasa nenda ukaangalie hayo mazoezi yenyewe. Wanaanza kwa kuzungushwa kiwanja kizima, vumbi lote la Dodoma linaishia kifuani kwao, afu wanapangwa mstari mmoja mrefu mbele ya goli na mpira mmoja. Dogo anampa kocha pasi, kocha anamtengea, anapiga, anaenda kuufuata mpira kule kwenye miiba, anarudi nyuma ya mstari na kusubiri tena wenzake wote wapige. Mtoto anasimama kuliko anavyocheza. Na mipira mingine ipo, nimeiona kwa macho yangu, ipo kwenye kiroba chini ya mti imefungwa kamba!! Wakitoka hapo wanagawanywa timu mbili wanacheza kumi na moja kwa kumi na moja kwenye kiwanja cha watu wazima, mtoto wa miaka kumi na moja huyo, akipiga kona mpira haufiki hata kwenye boksi. Beki wa kulia anaweza kurudi nyumbani jioni hata hajui alienda kufanya nini.

Halafu ikifika siku ya mechi kocha huyohuyo anasimama pembeni ya mstari anawapigia kelele, "tulieni na mpira! pigeni pasi! mbona mnabutua?" Hapo ndo ninapochemka. Watulie na mpira walifundishwa lini? Mtoto anapokea mpira, watu wawili wanamjia kwa kasi, hajawahi hata wiki moja kuwekwa kwenye hali hiyo mazoezini kwa utaratibu, atafanya nini zaidi ya kubutua? Kubutua ndo jibu pekee analolijua. Ni sawa na kumfundisha mtu baiskeli kwa kumkimbiza pembeni ya baiskeli.

Kuna watakaosema mbona mtu kati tunachezesha. Ndio mnachezesha, na nimeiangalia vizuri hiyo mtu kati yenu. Watoto kumi na tano duara moja kubwa, mmoja kati, kila mtu amesimama wima palepale kama amepandwa, pasi inaenda kwa jirani jirani anarudisha, wa kati anazubaa tu anacheka, akikosea mtu anapigwa makofi ya kichwa na wenzake, na kocha muda huo yupo kwenye simu. Hiyo ni kupasha misuli tu, na hata misuli haipati moto. Hakuna alichojifunza mtu pale.

Mtu kati inayofundisha inaanzia kwenye ukubwa wa eneo na idadi ya watu. Wanne kwa wawili, eneo la mraba la mita 8 kwa 8, wakiwa bado wachanga wape mita 10 kwa 10. Kila mmoja ana upande wake wa mraba ila haruhusiwi kuganda, mpira ukihama na yeye anateleza kwenye mstari wake ili mwenye mpira awe na mtu kushoto, mtu kulia, na ikiwezekana mmoja ng'ambo ambaye pasi yake inapita katikati ya wale wawili wanaokaba. Ile pasi ya katikati ndo dhahabu ya zoezi zima, maana ndo pasi ileile ambayo namba sita, yaani kiungo mkabaji, anatakiwa kuipiga siku ya mechi kuvunja mstari wa viungo wa timu pinzani. Kuna kitu kingine ambacho sijawahi kusikia kocha yeyote hapa akimsahihisha mtoto, nacho ni namna ya kusimama. Dogo anapokea mpira kwa mguu wa karibu huku mwili wote umeelekea kule pasi ilikotoka, kwa hiyo njia aliyobaki nayo ni kuurudisha kulekule. Mwambie afungue mwili, aangalie begani kabla mpira haujamfikia, apokee kwa mguu wa mbali. Hayo mambo matatu tu! Simamisha zoezi sekunde chache, muoneshe, endelea. Mtoto huyo mkimkazania kila wiki baada ya muda mtaona tofauti.

Na wale wawili wa kati wasiwe watu wa kuchekesha wenzao. Wakabe kweli, mmoja anamfuata mwenye mpira, mwenzake anafunga ile njia ya katikati, wakiupata wana kigoli kidogo cha koni pembeni cha kufunga haraka, na wale wanne waliopoteza wakimbie kuuchukua tena hapohapo. Hapo sasa umefundisha kumiliki, umefundisha kukaba, umefundisha na ile dakika mpira unapobadilisha mikono, ambayo ndo mechi nyingi za watoto wetu zinapopotelea, maana timu ikipoteza mpira wote wanasimama wanamlaumu aliyepoteza.

Wakishaelewa hapo panda daraja. Wanne kwa wanne na wachezaji huru watatu wanaocheza na yeyote mwenye mpira, eneo kama mita 25 kwa 20, wawili huru wanakaa pembeni au mwisho, mmoja anabaki ndani. Wenye mpira wanakuwa saba dhidi ya wanne, wakipoteza tu mambo yanageuka. Cheza dakika tatu au nne, pumzika dakika moja mbili, rudia. Mkiona wameshaweza wape mwelekeo, kwamba wakipiga pasi kadhaa waruhusiwe kwenda kufunga kwenye vigoli, maana kumiliki mpira bila kujua unaupeleka wapi nako ni kujidanganya. Ukitaka wakimbie zaidi panua eneo, ukitaka waamue haraka punguza eneo au wape miguso miwili tu kila mmoja. Vyote hivyo unavibadilisha kwa kusogeza koni.

Sasa njoo kwenye visingizio, maana navijua vyote.

"Kiwanja kibovu, kokoto na mbigili, pasi za chini haziwezekani." Jamani, hii ndo sababu ya kutumia eneo dogo! Kiwanja kizima cha mita mia moja huwezi kukifagia, ila mita 10 kwa 10 watoto wenyewe wanaokota mbigili na mawe dakika chache imeisha, unachagua pale ardhi ilipo tambarare, na vumbi likizidi upande huu mnahamia kule. Kocha anayelia kiwanja kibovu halafu anawachezesha kiwanja kizima simuelewi kabisa.

"Vifaa hatuna." Chupa za maji zijazeni mchanga, hizo koni. Ndala ni koni. Watoto 24 wakiwa na mipira minne wanatoa makundi manne ya wanne kwa wawili, wote 24 wanacheza kwa wakati mmoja, hakuna wa kusubiri. Mipira minne ipo kwenye kile kiroba!

"Watoto lazima wapate pumzi kwanza." Hiki ndo kinaniudhi kuliko vyote kwa sababu kinasemwa kwa kujiamini sana. Kaa wanne kwa wanne dakika nne kwa jua letu hili la saa kumi halafu uniambie kama hukupata pumzi. Tafiti nyingi za michezo zimeshaonesha kwamba michezo ya eneo dogo ikichezwa kwa kasi inajenga pumzi kwa kiwango kinachokaribiana na mbio zenyewe, tofauti ni kwamba huku mtoto anakimbia akiwa anafikiri na mguu unagusa mpira.

Na msiniambie haya ni mambo ya wazungu wenye nyasi. Pale Barcelona mtu kati, wao wanaiita rondo, aliipeleka kwenye timu za vijana mwalimu Laureano Ruiz miaka ya 1970, Johan Cruyff alipoifundisha timu kubwa kuanzia 1988 mpaka 1996 akaifanya uti wa mgongo wa mazoezi, na Pep Guardiola, aliyekuja kuwa kocha wa Barcelona baadaye, alikuwa mchezaji wake kwenye timu hiyo. Walichohitaji pale ni mpira na mraba, basi. Ujerumani msimu wa 2024/25 wamelazimisha nchi nzima watoto wa chini ya miaka 11 kushuka chini wacheze timu ndogo kwenye viwanja vidogo. Uingereza mpaka msimu wa 2025/26 mtoto alikuwa anaanza kucheza kumi na moja kwa kumi na moja akifika timu ya chini ya miaka 13, kabla ya hapo ilikuwa ni tano, saba, kisha tisa kila upande. Hawa wana nyasi na pesa na bado wamepunguza. Sisi tusio navyo ndo tunawaachia watoto kiwanja kizima. Mwaka 2027 tunapokea AFCON na Kenya na Uganda, kila mtu anaongelea viwanja, madogo watakaovichezea baadaye nani anawaongelea?

Nimeongea na mwalimu wa timu kwa heshima, tena faragha, sikumdhalilisha mbele ya watoto. Jibu lake, "mzee wewe leta mtoto, kazi ya ukocha tuachie sisi." Sawa, kazi ni yako mwalimu, ila mtoto ni wangu na ada ni yangu.

Nyongeza: kuna mdau ameniandikia inboksi kwamba makocha wengi wanajitolea, malipo madogo, kozi ni ghali. Hilo nakubali kabisa na nawaheshimu wanaojitolea, kocha wa mtaani asiyechukua senti simgusi. Nawaongelea wanaotoza ada na kubandika mabango. Kufungua kiroba cha mipira hakuhitaji leseni ya ukocha ya CAF, shirikisho la mpira Afrika.

Jumamosi baada ya mazoezi ya asubuhi kuna kikao cha wazazi. Wenye watoto pale mnajijua, njooni, msiniache peke yangu nikaonekana mkorofi. Nitaomba vitu viwili tu: mipira yote itoke kila siku, na nusu saa ya kila zoezi iwe ya makundi madogo kocha akiwa amesimama karibu anasahihisha, simu mfukoni. Wakikataa mwezi ujao ada yangu wasiitegemee. Na kama kuna mtu anamjua mwalimu upande wa Ilazo, Swaswa au Nzuguni anayefundisha watoto hivi kweli, anielekeze hapa, nitampeleka hata kama ni mbali.