Naomba ushauri: miguu kulowa nichezapo gofu wakati wa mvua

Ndugu zangu, ninaishi Dodoma, ambako mvua hunyesha takribani kuanzia Desemba hadi Aprili na miezi iliyobaki ni vumbi tupu, kwa hiyo sikuwahi kufikiria suala hili hadi nilipoanza kupanda treni ya SGR kwenda Morogoro kucheza gofu siku za Jumamosi. Huko nyasi hulowa hata kwa umande tu, na nikifika shimo la sita soksi huwa zimejaa maji kiasi kwamba kila hatua nasikia "chwa, chwa" ndani ya kiatu.

Viatu vyangu ni vya ngozi, vya mtumba, na fundi amekwisha kuvipaka gundi kuzunguka soli mara mbili. Nimekuja kugundua kwamba maji mengi hayapiti kwenye soli, bali hushuka na suruali na kuingilia juu, kwenye kifundo. Mabuti ya mvua nilijaribu mara moja. Yalizuia maji, lakini niliteleza nilipozungusha kiuno kupiga mpira, na wenzangu walicheka sana. Nikirudi nyumbani huvijaza magazeti na kuvianika kivulini, maana jua la hapa huikausha ngozi hadi ikapasuka.

Je, soksi za sufu zinafaa kuliko za pamba, ambazo hunywa maji na kuyashikilia? Na kiatu chenye utando wa kuzuia maji kinavumilika katika joto letu, au nitalowa jasho badala ya mvua? Natanguliza shukrani.