TRAPPIST-1 e: ujana wa nyota una uzito gani?

Kilimia: Wakuu, habari za usiku. Naandika tasnifu ya uzamili juu ya TRAPPIST-1 e, sayari inayoizunguka nyota yake kwa siku 6.1, miaka nuru 40 hivi kutoka kwetu. Nilichukua mwangaza wa nyota wa leo, nikachora ukanda ambamo maji hubaki kimiminika, e ikaangukia ndani kabisa. Nikafurahi. Msimamizi wangu akaweka kidole kwenye mchoro, kule kushoto, kwenye miaka ya mwanzo ya nyota, nilikoacha patupu, akauliza: "Na hapa palikuwaje?" Sikuwa na jibu, na tangu Ijumaa sina raha. Nyota inakadiriwa kuwa na miaka bilioni 7.6. Je, miaka ile ya mwanzo kabisa ina uzito wowote?

Zuhura: Huenda ndiyo iliyoamua kila kitu. Usiifananishe na Jua. Jua lilianza na asilimia 70 hivi ya mwangaza wa leo, likaendelea kung'aa zaidi. Kibete chekundu, yaani nyota ndogo na hafifu kama yako, huzaliwa kikubwa na king'avu, kisha husinyaa taratibu. Jua nalo lilisinyaa kwanza, lakini lilimaliza ndani ya makumi ya mamilioni ya miaka. Nyota yako, yenye asilimia 9 tu ya uzito wa Jua, ilihitaji karibu miaka bilioni moja. Katika sehemu ya muda huo e ilikuwa inaokwa. Mvuke ukipanda juu, mionzi ya urujuanimno huvunja maji, haidrojeni ikatorokea angani. Bahari nzima inaweza kwisha hivyo. Wasome Luger na Barnes, 2015, waliochunguza sayari zinavyopoteza maji namna hii.

Mzee wa Darubini: Mdogo wangu, usiizike sayari mapema. Darubini ya James Webb mwaka 2023 ilionyesha kwamba sayari b, iliyo karibu zaidi na nyota hiyo hiyo, huenda haina angahewa kabisa, lakini e iko mbali kuliko b. Swali ni ilianza na maji kiasi gani. Jaribu maji ya bahari moja, yaani kiasi cha bahari zote za Dunia, kisha tano, kisha kumi.

Kilimia: Asanteni sana, nimelala saa tisa usiku lakini nimelala vizuri. Mchoro wa zamani nimeutupa. Mpya unaanzia miaka milioni 10, kwa kipimo cha logi, ambamo kila hatua ni mara kumi ya iliyotangulia, na ule upande wa kushoto uliokuwa mtupu sasa unachukua zaidi ya nusu ya karatasi. Bahari kumi bado kompyuta inazihesabu.