Nimerekodi jogoo masaa mawili, redio haimo hata neno

Mwalimu_Kizota

Mbukwenyi wadau. Naombeni msaada, na msinicheke.

Kila Jumamosi saa 12 hadi saa 2 asubuhi kuna redio moja ya hapa Dodoma mjini inapiga ngoma za Kigogo: zeze, ilimba, muheme, na katikati wanaweka salamu na matangazo. Baba yangu yuko Mpwapwa, nyuma ya milima ya Kiboriani, na kule FM ya mjini inafika ikikoroma kama maandazi yanakaangwa. Ila mzee ana redio ya kuchomeka flashi, zile zenye tochi pembeni. Nikasema basi nirekodi huku, nijaze flashi, nimpe kondakta wa Coaster.

Mara ya kwanza nililaza simu mbele ya spika. Sauti ikaja kama ya mtu aliyeingiza kichwa kwenye debe. Mwalimu mwenzangu akanishauri ninunue waya wa AUX, dume pande zote mbili. Upande mmoja nikachomeka kwenye tundu la hedifoni la redio, mwingine kwenye laptop, ambayo ina tundu moja tu. Nikafungua Audacity, programu ya kurekodi sauti, nikabonyeza kurekodi. Redio ikanyamaza, mawimbi yakawa yanarukaruka kwenye kioo, nikajua mambo yamekubali. Nikaenda zangu bombani.

Narudi, nasikiliza: jogoo wa jirani. Fagio. Mwanangu anauliza sukari iko wapi. Jogoo tena. Masaa mawili! Nimekosea wapi?

Fundi_Majengo

Dada mwalimu, huyo jogoo ndiye shahidi wako. Kama anasikika, basi waya haujafanya kazi hata sekunde moja.

Angalia tundu la laptop. Likiwa na picha ya hedifoni yenye kimdomo cha maiki, hilo ni tundu la kazi mbili, na linataka pini yenye mistari mitatu, kama ya earphone za simu. Sasa hesabu mistari kwenye AUX yako: miwili. Kompyuta ikiona miwili inadhani umechomeka hedifoni za kawaida, kwa hiyo inaendelea kurekodi kwa maiki yake ya ndani. Redio nayo ikiona pini imeingia inazima spika. Nyumba nzima hakuna redio inayosema, aliyebaki na la kusema ni jogoo.

Ukitaka kuhakikisha, anza kurekodi halafu kwaruza kwa ukucha karibu na kamera, kwenye kale katobo kadogo (laptop nyingine kako pembeni ya kibodi). Mawimbi yakiruka, umeiona maiki iliyokudanganya.

Dawa: nunua saundi kadi ya USB, kale kadude kama flashi kenye matundu mawili. La waridi ni la kuingiza sauti, AUX yako inakaa humo bila ubishi. Yangu niliipata kwa elfu kumi. Kisha kwenye Audacity, pale penye kuchagua maiki, chagua USB, usiache ile ya ndani. Volyumu ya redio iwe robo tu, maana tundu la maiki lina masikio makali. Ukijaza, sauti inapasuka na hakuna programu ya kuishona tena.

AntenaYaBati

Mimi nimeachana na waya kabisa. Natumia RTL-SDR, kadude ka USB kalikotengenezwa kwa ajili ya kupokea televisheni ya dijitali, watu wakagundua kanaweza kupokea karibu kila kitu kuanzia megahezi 24 mpaka 1,700 na ushee. FM yote imo. Kompyuta yenyewe inakuwa redio, na inarekodi.

Ila usirudie ujinga wangu. Kuna kurekodi sauti, na kuna kurekodi mawimbi yenyewe yote kabla hayajawa sauti. Nilibonyeza hiyo ya pili nikaenda kulala Area D yangu kwa amani. Ilikuwa inakula karibu MB 5 kila sekunde. Asubuhi diski imejaa hadi Windows inalalamika.

Mpitanjia

Si wana matangazo mtandaoni? Fungua VLC, ile programu ya kuchezea muziki na video, weka linki yao, rekodi. Kwa kilobiti 64 kwa sekunde, masaa mawili hayafiki MB 60 za bando.

Mwalimu_Kizota

@Mpitanjia nilijaribu. Ilikata mara nne, na kila ikirudi imeshapita wimbo.

@Fundi, nimekwaruza karibu na kamera, mawimbi yakaruka kama mbuzi. Nimenunua ka USB. Redio sasa imeingia, jogoo hayumo! Lakini chini yake kuna mngurumo, mmmmmm, hauishi.

Fundi_Majengo

Chomoa chaja ya laptop wakati inarekodi, usikilize.

Mwalimu_Kizota

Mngurumo umekata palepale. Lakini betri ya laptop yangu ni ya dakika 40.

Fundi_Majengo

Basi rudisha chaja, uchomoe waya wa umeme wa redio badala yake, uiwekee betri za mawe. Mngurumo unazunguka kati ya vifaa viwili vilivyochomekwa ukutani na kuunganishwa kwa AUX. Kimoja kikitoka ukutani, mara nyingi unaisha.

Na ukimaliza, toa faili kama MP3, mono, yaani njia moja ya sauti badala ya mbili za stirio. WAV, yaani sauti isiyobanwa, ya masaa mawili kwa stirio inapita GB 1, na hizo redio za tochi nyingi haziisomi. Flashi uifomati kwa mpangilio wa FAT32. Zima pia mpangilio wa laptop kulala yenyewe.

Mwalimu_Kizota

Mrejesho. Redio nimeitia betri nne, mngurumo umebaki kidogo sana, unausikia tu mtangazaji akivuta pumzi. Faili MB 58. Kwa bidii zangu nikakaa jioni nzima nakata matangazo na salamu zote, nikabakiza ngoma tupu, tena zeze safi. Flashi ikaondoka na Coaster ya asubuhi.

Mzee kapiga simu jana. Kwanza kashukuru. Halafu kauliza mbona redio ya siku hizi haina matangazo ya vifo. Nikamwambia nimeyakata mimi ili asichoke kusikiliza.

Kimya. Kisha akasema, "Sasa mwanangu, nitajuaje nani kafa huko Dodoma?"

Jumamosi hii sikati kitu.