Chai ya saa nne kazini na hii sukari yangu, mwala nini wenzangu?

Mkaazi wa Langoni:
Assalaam aleikum jamani. Mwezi wa tatu huu tangu daktari aniambie nina sukari, aina ya pili, nameza metformin asubuhi na jioni. Nyumbani sina neno, tabu ni kazini. Ofisi yetu iko hapa Amu (Lamu) mjini, saa nne ikigonga tu yuwaja mama na sinia ya mahamri yafuka moshi na mbaazi za nazi, chai nayo ishatiwa sukari ndani ya birika huwezi kuitoa. Ukikataa wasema "aa bwana moja tu haikuui". Juzi nikala matatu, kupima baada ya masaa mawili 13.4 mmol/L!! na asubuhi nilikuwa 6.8. Jana nikasema sili kitu, nikafika nyumbani adhuhuri nikamaliza sahani mbili za wali. Sasa mwala nini saa hizo? Nataka vitu vya hapa hapa, si orodha za intaneti za matunda sijui ya wapi.

Bi Shela:
Waaleikum salaam kakangu, pole, mimi mwaka wa tisa nayo. Mbaazi usizionee, adui ni hamri, unga mweupe na sukari halafu limezama mafutani. Mbaazi zina nyuzinyuzi, sukari yake yaingia damuni polepole, mwambie akutilie bakuli dogo tui lisiwe zito na ule na yai la kuchemsha lenye ndimu na pilipili. Chai beba yako kwenye chupa, tangawizi na iliki bila sukari, wiki mbili za kwanza utaiona kama dawa baadaye ile ya birika ndiyo itakushinda.

Korosho MLD:
Mimi niko Malindi, droo yangu haikosi korosho. Ngumi moja tu lakini, na zisiwe za chumvi kama una presha. Embe ngowe nakula nusu, juisi yake sigusi. Na dafu watu hulifanya dawa, lina sukari pia, japo si kama soda, chupa ya soda ya 300 ml ina sukari kama vijiko 8 vya chai!

Mzee wa Mtepe:
Na tende je? Tende ni sunna.

Bi Shela:
Sunna naam baba, lakini sunna si kilo. Mbili zatosha.

Korosho MLD:
Nilisahau, hii ya kukaa na njaa usiizoee. Metformin peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, lakini mwenye insulini au vidonge vya glibenclamide, njaa yaweza kumwangusha. Ukianza kutetemeka, jasho jembamba, moyo mbio, pima, ikiwa chini ya 4 kunywa glasi nusu ya juisi au vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15. Hapo ndipo sukari inakuwa dawa. Na habari ya dozi muulize daktari wako, sio sisi.

Mkaazi wa Langoni:
Shukran sana. Leo nimeomba mbaazi tupu, mama akaniuliza "mahamri yangu yamekukosea nini?" nikamweleza, kumbe mumewe pia anayo, kesho ataniletea mayai. Nimepima 8.9. Ila nimeshiba hata chamcha sikula vizuri, na mke wangu sasa ataka kujua nakula kwa nani.